Mbwaa na Manda: Juu ya Dhanio la Kisayansi na Asili ya Wameru

Miongoni mwa istilahi ambazo wanafunzi wa lugha na fasihi huziandika kwa wepesi kupita kiasi, 'nadharia tete' imeshika nafasi ya mbele. Ni shida kupata pendekezo la utafiti lisilokuwa na sehemu yenye kichwa hicho, na chini yake aghalabu mna sentensi mbili tatu zisizoweza kukosea kwa namna yoyote: kwamba lugha na utamaduni vina uhusiano, kwamba mwandishi fulani ametumia taswira kuwasilisha ujumbe wake, kwamba mapokeo ya jamii fulani yamehifadhi historia yake. Msimamizi huziridhia, mtahini huzipitia haraka, na utafiti ukimalizika sentensi zile hupatikana kuwa ni kweli, kama zilivyokuwa kabla mtafiti hajatoka chumbani mwake. Bidii imetumika, lakini hapakuwa na swali.

Sehemu ya kosa imo katika istilahi yenyewe. Neno 'tete' hutumika kwa kitu kisichokomaa au kisicho imara, na mwenye kusikia 'nadharia tete' hufikiri mara moja juu ya nadharia changa, ambayo ikipewa data ya kutosha itakomaa na kuwa nadharia kamili, mfano wa mahindi shambani. Picha hiyo inavutia lakini inapotosha. Nadharia ni mfumo wa maelezo unaofungamanisha mambo mengi. Dhanio (ndilo neno litakalotumika katika makala haya, kwa kuwa linatokana na kudhani na halidai ukoo na nadharia) ni kauli moja iliyonolewa makusudi ili ipelekwe mahali inapoweza kushindwa. Dhanio likishinda majaribio elfu hubaki kuwa dhanio lililoshinda majaribio elfu. Karl Popper, katika kitabu alichokichapisha Vienna mwaka 1934, aliipima kauli ya kisayansi kwa yale inayoyakataza: kadiri inavyokataza mengi ndivyo inavyosema mengi. Asemaye kwamba gari la Meru litawasili Maua wakati wake utakapofika hajasema kitu. Asemaye kwamba litawasili kabla ya adhuhuri amejitia mashakani, na ndiyo sababu abiria humsikiliza.

Ili jambo hili lisibaki hewani, yafaa lichunguzwe katika suala moja ambalo limeandikiwa mengi na ambalo wenyewe hawalichukulii kuwa la vitabuni tu, yaani asili ya Wameru. Mtu aliyezaliwa Maua, katika nchi ya Waigembe kwenye milima ya Nyambene, hukua akisikia kwamba watu wake hawakuchipuka katika milima hiyo. Walitoka Mbwaa. Mbwaa palikuwa kisiwani, au penye maji makubwa yaliyokuwa yakiondoka na kurudi. Huko walitawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu, ambao waliwatwika masharti yasiyowezekana: watengeneze mkuki wa kufika mbinguni, walete kiatu chenye manyoya pande zote mbili, na mengineyo. Waliposhindwa kuvumilia wakaongozwa na mganga wao Koomenjoe, ambaye alifungua njia katikati ya maji. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri, jua likiwa jekundu, wakaitwa Ntune. Waliovuka mchana wakaitwa Njeru, weupe. Baada ya hapo ni safari ndefu hadi Mlima Kenya na Nyambene.

Hayo ni mapokeo, na mapokeo si dhanio. Nukta hii ni ndogo, lakini mengi yaliyoharibika katika mjadala huu yaliharibika hapo. Mzee anayesimulia habari za Mbwaa hapendekezi kauli ili ijaribiwe. Anakabidhi. Anaeleza kwa nini koo zimegawanyika kwa rangi tatu, kwa nini fulani hamwoi fulani, kwa nini kuna watu wanaoitwa Wameru hata kidogo. Kumwambia mzee huyo kwamba dhanio lake halina ushahidi ni sawa na kumwambia mtambaji wa hadithi kwamba sungura hasemi. Dhanio huzaliwa pale mtu mwingine anapoyachukua mapokeo hayo na kusema: kisiwa hicho ni hiki, mwaka ni huu, wenye nguo nyekundu ni hawa. Tangu hapo mwenye kujibu ni huyo aliyesema, wala si mzee.

Wasemaji hawa walikuwapo tangu zamani. H. E. Lambert, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni Meru katika miaka ya 1930, aliandika juu ya umilikaji wa ardhi na asili ya watu wa nyanda hizo. Huyu ndiye Lambert yuleyule ambaye baadaye alichapisha vitabu juu ya Kivumba, Chijomvu na Chichifundi, na ni ajabu kiasi kwamba mtu aliyeijua milima na pwani kwa namna hiyo hakuwapa waliomfuata ulinganishi wa lugha wa kutosha kukata shauri. Bernardo Bernardi, padri na mwanaanthropolojia, aliyaeleza mapokeo ya Mbwaa katika kitabu chake cha 1959 juu ya Mugwe. J. Forbes Munro aliyadurusu upya madai ya uhamaji wa watu wa nyanda za juu za mashariki mwaka 1967. Kisha akaja Jeffrey Fadiman, na makala yake ya 1973 juu ya historia ya awali ya Wameru, na kitabu alichokitoa miaka 20 baadaye, 1993. Fadiman alisema wazi kwamba Mbwaa ni kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Kwamba Nguo Ntune ni Waarabu. Na kwamba Wameru waliondoka huko mwanzoni mwa karne ya 18.

Wahakiki wengi wamemlaumu Fadiman kwa kuthubutu. Lawama hiyo imekosea njia. Uthubutu ndio sifa kubwa ya kazi yake. Alitaja kisiwa kinachojulikana kwenye ramani, akataja kipindi kinachohesabika, akataja watu walioacha maandishi na makaburi. Amewapa wapinzani wake kamba ya kumfungia. Walio wepesi wa kusema kwamba Wameru walitoka 'pwani au pande za kaskazini au kwingineko' wana usalama zaidi, kwa gharama ya kutosema lolote. Laiti mapendekezo ya utafiti yaliyotajwa hapo juu yangekuwa na robo ya ujasiri huo.

Hata hivyo, sehemu zote za dai la Fadiman hazina nguvu sawa, na kazi ya uhakiki ni kuzitenganisha. Iangaliwe kwanza nguo nyekundu. Nani katika historia ya Afrika Mashariki hawezi kuvikwa nguo nyekundu? Waarabu wanaweza, Wareno wanaweza, Waturuki wanaweza, na wako waliosema kwamba ni Wamisri wa Firauni. Kielelezo kinachomkubali kila mtu hakimchagui yeyote. Hapa hapana dhanio. Pana tafsiri, na tafsiri haikatazwi, ila isihesabiwe kuwa ushahidi.

Kiatu chenye manyoya pande zote mbili kina shida ya namna nyingine. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanapaswa kuitambua mara moja, na kwa bahati mbaya wanahistoria ndio waliokabidhiwa jambo hili. Wamaasai nao husimulia kwamba walikandamizwa na Ilarinkon, na kwamba miongoni mwa masharti waliyopewa ni kuleta kiatu cha namna hiyohiyo. Mtawala dhalimu anayedai yasiyowezekana, na mnyonge mwerevu anayepata ufumbuzi, ni kipengele kinachosafiri. Huingia katika hadithi ya taifa lolote lililopata kuonewa, au linalotaka kueleza ujanja wa wahenga wake. Kwa hiyo kiatu hakiwezi kutoa ushahidi wa Manda. Hakiwezi pia kutoa ushahidi dhidi ya Manda, na hilo husahauliwa na wale wanaoona kwamba pakiwa na sanaa basi pamekosekana tukio. Watu huyasimulia mambo yaliyowapata kwa vyombo vya sanaa walivyo navyo, na vyombo hivyo huazimana.

Tarehe nayo imesimama juu ya hesabu ya marika. Wameru wana orodha ya marika waliyotahiriwa kwa zamu, na mwenye kujua orodha anaweza kurudi nyuma hadi rika lililosemekana kuvuka maji. Lakini kati ya rika na rika ipitishwe miaka mingapi? Ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu tu, orodha ya marika 15 ikihesabiwa kurudi nyuma kutoka mwaka 1907, Waingereza walipoingia Meru. Kwa miaka 12 kila rika tunafika 1727. Kwa miaka 15 tunafika 1682. Tofauti ni miaka 45, na katikati yake umekaa mwaka 1698, Waarabu wa Omani walipoiteka Ngome ya Yesu mjini Mombasa. Yaani kwa hesabu ya kwanza watawala wa pwani waliokimbiwa wangekuwa Waomani. Kwa ya pili, pwani ilikuwa bado katika siku za mwisho za Wareno. Nambari tatu tu zimehama, na adui amebadilika. Mwanafizikia wa Ufaransa, Pierre Duhem, alikwisha kueleza mwaka 1906 kwamba dhanio halipelekwi mahakamani peke yake. Huenda na kundi la wasaidizi wake, na likishindwa si rahisi kujua ni nani katika kundi aliyelipoteza. Urefu wa rika ni msaidizi wa namna hiyo. Fadiman anaweza kupoteza tarehe bila kupoteza kisiwa, na ni haki aachiwe nafasi hiyo, mradi aseme mapema ni lini atakubali kwamba kisiwa nacho kimepotea.

Mahali ambapo dai hili hukutana na jaribio gumu ni katika lugha. Ikiwa watu waliishi Manda hadi karibu na mwaka 1700, majirani zao walisema Kiswahili, na ng'ambo ya bara Kipokomo na lugha nyinginezo za jamii ya Sabaki. Kimeru si lugha ya jamii hiyo. Kimeru ni ndugu wa Kigikuyu, Kiembu, Kitharaka na Kikamba, na undugu huo unaonekana popote mtu atakapogusa. Saba kwa Kimeru ni mugwanja, kwa Kigikuyu ni mugwanja, kwa Kikamba ni muonza. Kwa Kigiriama ni fungahe. Mtu anaweza kupinga, na ana haki, kwamba nambari huazimwa: Kiswahili chenyewe kimeazima saba yake kutoka Kiarabu na hakuna anayesema kwamba Waswahili kwa hiyo ni watu wa Hijazi. Basi na ziachwe nambari, yatazamwe mambo yasiyoazimika kwa urahisi. Mswahili husema kutuma na kula. Mmeru na Mgikuyu husema gutuma na kuria. Sauti k ya kiambishi imegeuka g katika neno la kwanza kwa sababu imefuatwa na t. Katika neno la pili haikupata sababu ya kugeuka. Huo ndio mkondo ambao Carl Meinhof aliuita kanuni ya Dahl mwaka 1903, baada ya mmisionari Edmund Dahl aliyeuona katika Kinyamwezi. Umeenea katika lugha za nyanda za juu za Kenya, na Kiswahili hakina.

(Kwa kupita tu: 'kanuni' hiyo ni mfano bora wa dhanio kuliko sentensi nyingi zinazoitwa hivyo. Kila neno jipya linaloingia katika Kigikuyu huijaribu.)

Mtetezi wa Manda atajibu kwamba watu waweza kubadili lugha. Kweli, lakini lazima atazame ndugu mmoja wa Wameru ambaye anatajwa mara chache mno katika mabishano haya. Karibu na Tanga, nchini Tanzania, wanaishi Wadaiso, ambao lugha yao si ya jamii ya majirani zao Wadigo na Wabondei. Ni ya jamii ya Kimeru, Kigikuyu na Kikamba. Derek Nurse aliwachunguza pamoja na Wasegeju katika makala ya 1982, akiyalinganisha mapokeo na isimu linganishi, na lugha yao ikaonyesha mwelekeo wa kutoka nyanda za juu kwenda pwani. Wasegeju si watu wa kubuniwa na wanaisimu. Maandishi ya Wareno yanawataja karibu na Malindi katika karne ya 16, na mwaka 1589 ndio walioukoa mji huo mikononi mwa Wazimba. Basi hapa kuna kundi ambalo lugha yake ilisafiri njia ya mlima na pwani, ikakaa ugenini kwa karne nne au zaidi, ikazungukwa na Kidigo na Kiswahili, na hata leo imehifadhi alama za kwao. Ikiwa lugha huhifadhi alama kiasi hicho, iko wapi alama ya Kisabaki katika Kimeru, ambacho kinadaiwa kuondoka pwani miaka 300 tu iliyopita?

Yapo majibu mawili, na tofauti baina yao ndiyo tofauti baina ya kuliokoa dhanio na kulizika likiwa hai. Jibu la kwanza ni kwamba wageni wa Mbwaa walikuwa wachache, wakawakuta wenyeji wanaosema lugha ya milimani, wakamezwa, wakabaki na hadithi tu. Jibu hili lina msaada kutoka kwa wengine. Godfrey Muriuki, katika historia yake ya Wagikuyu ya 1974, aliyaona maeneo ya Tigania na Igembe kuwa ndiyo mababu wa Wagikuyu, Wachuka, Waembu na Wambeere walikotawanyikia kabla ya karne ya 17. Kama ni hivyo, vilima vinavyozunguka Maua vilikuwa na watu kabla ya tarehe yoyote ya kutoka Manda. Ila jibu hilo likiachwa hivyo lilivyo, linakuwa dawa ya kila ugonjwa. Lugha ikifanana na ya pwani, Wameru wametoka pwani. Isipofanana, wametoka pwani wakamezwa. Hakuna tena kitu ambacho dai hili linakataza. Ili lirudishiwe uhai lazima litoe rehani, yaani lieleze ni maneno ya namna gani yangebaki hata baada ya kumezwa. Maneno ya jahazi na kupwa na kujaa kwa maji hayatoshi, maana anayekaa miaka 300 bila kuiona bahari ana sababu njema ya kuyasahau. Kimeru hutumia iria kwa bahari na ziwa pia, kama Kigikuyu kitumiavyo. Maneno ya kupimia ni yale ambayo mlima haukuyaondolea kazi: ya ukoo, ya uhunzi, ya mifugo, ya uganga. Kazi ya kuyakusanya haihitaji fedha ya kigeni. Inahitaji daftari na wazee wa Igembe, Tigania na Imenti, wakiulizwa kila upande peke yake.

Jibu la pili ni la ujasiri zaidi, na halikupewa nafasi linayoistahili. Yawezekana watu wa Mbwaa walikuwako pwani kweli, lakini hawakuwa watu wa lugha ya pwani. Walikuwa kama Wasegeju waliotajwa na Wareno: kundi la watu wa nyanda za juu lililoteremka, likakaa karibu na miji ya Waswahili, likaonewa au likaona linaonewa, kisha sehemu yake ikapanda tena. Kwa namna hii Kimeru hakihitaji kumezwa na yeyote. Hili ni dhanio kamili kwa kuwa linakataza jambo linaloweza kuonekana. Linadai kwamba Kimeru na Kidaiso vina mabadiliko ya sauti au ya msamiati vinavyoshirikiana, ambayo Kigikuyu na Kikamba havina. Mabadiliko hayo yakipatikana, mapokeo ya Mbwaa yatakuwa yamepata rafiki asiyetarajiwa. Yakikosekana, na Kidaiso kikionekana kuwa karibu na Kikamba au Kigikuyu kuliko Kimeru, dhanio hili lifungwe, na asitokee mtu wa kulifufua kwa maneno mapya.

Ikilinganishwa na hayo, hoja ya Misri haina budi kuonekana ilivyo. Wako waliovutwa na kufanana kwa Koomenjoe na Musa, maji yaliyopasuka na Bahari ya Shamu, wakahitimisha kwamba Wameru walipita Misri au hata ni ukoo wa Waisraeli. Wakiulizwa juu ya lugha husema imebadilika. Juu ya njia husema imesahauliwa. Juu ya karne husema ni nyingi. Hoja imejengewa ukuta kila upande. Lakini wapinzani wao nao wamekuwa wavivu kwa kuridhika na kusema kwamba yote hayo yaliletwa na wamisionari. Hilo lenyewe ni dhanio, tena zuri, na linastahili kutendewa kama dhanio. Linakataza jambo moja: kwamba maji yaliyopasuka yapatikane katika maandishi yaliyochukuliwa kwa wazee kabla mafundisho ya misheni hayajaenea. Wamethodisti walifika Kaaga mwaka 1912, na hospitali yao ya Maua ikaanzishwa mwaka 1928. Mapokeo yaliyoandikwa na Bernardi, mwenyewe mmisionari wa Consolata, katika miaka ya 1950, au na Fadiman baada yake, hayawezi kuamua neno hilo upande wowote, kwa sababu msimuliaji na baba yake wote walikwisha kusikia Kutoka ikisomwa. Kuyatumia, kama yanavyotumiwa mara kwa mara, ni kumwita shahidi ambaye hakuwapo.

Yanenwe sasa machache juu ya majina, kwa kuwa majina yamefanya kazi yao ya chinichini. Mapokeo ya Wamijikenda kutoka Shungwaya yalichunguzwa na R. F. Morton mwaka 1972, na katika kichwa cha makala yake akayaita kisasili. Miaka minne baadaye Thomas Hinnebusch aliyachunguza kwa upande wa isimu, na katika kichwa cha yake akayaita dhanio. Jambo ni lilelile. Aliyesema kisasili amewageukia wasimulizi na kuwauliza kwa nini wanasimulia hivi na tangu lini. Aliyesema dhanio amewageukia wataalamu wenzake na kuwauliza wanaweza kuonyesha nini. Maswali yote mawili ni halali. Kinachoharibu ni mtu kujibu la kwanza akadhani amekwisha kulijibu la pili.

Kwa watu wa Maua tofauti hii si ya kitaaluma. Kijana anayesoma shuleni kwamba Mbwaa 'haijathibitishwa' hurudi nyumbani akiwa na swali ambalo hawezi kumwuliza babu yake bila kumvunjia heshima, au basi huacha kumwuliza babu chochote. Hasara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, kwani babu haulizwi mara mbili. Mwalimu angeweza kumwambia kwamba kinachojaribiwa ni dai la Fadiman, na kwamba babu ni chanzo. Tena angeweza kumwambia kwamba katika kujaribu, cheo hakina kazi. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, mwaka 1963, alipoona maziwa ya moto ya aiskrimu yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Walimu na wanafunzi wenziwe walimcheka. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakumcheka na hakumwamini. Alijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala kwa pamoja. Mwaka 2016 wataalamu Burridge na Linden walirudia vipimo na kulikanusha jambo hilo, na mabishano yangali yanaendelea. Lakini waliomkanusha wamempa heshima ambayo waliomcheka hawakumpa, maana mtu hapimi maji kwa uangalifu ili kukanusha upuuzi.

Wanaodhani kwamba majaribio huja daima kuyavunja mapokeo wana mfano mwingine karibu. Tarihi ya Kilwa na masimulizi ya miji mingi ya pwani husema kwamba waanzilishi walitoka Shirazi. Kwa miaka mingi wasomi waliyaeleza masimulizi hayo kama hati za kudai ubora tu, hoja ambayo ilikuwa na nguvu zake, hasa baada ya wakoloni kuwanyima Waswahili Uafrika wao. Mwaka 2023 kundi la watafiti, akiwamo mwanaakiolojia wa Kenya Chapurukha Kusimba na mtaalamu wa jenetiki David Reich, lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa jeni za watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na mji mmoja wa bara kati ya miaka 1250 na 1800. Mizizi ya Kiafrika ilikuwa mikubwa, na kwa sehemu kubwa ilitoka kwa akina mama. Na pamoja nayo ilikuwamo mizizi ya Kiajemi, iliyotoka zaidi kwa wanaume na kuchanganyika kuanzia karibu na mwaka 1000. Tarihi haikuthibitishwa yote kwa hayo. Hakuna jeni inayoweza kumthibitisha sultani aliyekuja na merikebu saba. Kilichopata nguvu ni kauli moja iliyomo ndani yake, nayo ilipata nguvu kwa sababu ingeweza kukosa.

Miongoni mwa miji ambayo mifupa yake ilichunguzwa umo Manda. Vifaa vya jaribio ambalo Lambert na Bernardi hawakuweza kuliota sasa vimo maabarani, na upande wa pili wa ulinganishi umo Igembe, katika watu walio hai, wenye haki ya kukubali au kukataa. Ombi hilo halitapelekwa kwa wakuu wa idara kwanza. Litapelekwa Nchiru, kwa wazee wa Njuri Ncheke, na litapaswa kuandikwa kwa lugha ambayo ndani yake wazee hawatajisikia kuwa ndio wanaoshtakiwa. Lugha hiyo bado haijatungwa, na 'nadharia tete' ni mwanzo mbaya.